Picha za Mwezi na sayari kutoka juu ya paa Nairobi, kwa darubini ya milimita 70

Ukipanda juu ya ploti yoyote ya Roysambu au Pipeline saa mbili usiku, utahesabu nyota chache kuliko madirisha yenye taa ng'ambo ya barabara. Upande mmoja mulika mwizi, upande wa pili mabango ya matangazo, na juu yake vumbi na moshi vinavyorudisha mwanga wote huo chini. Ndiyo maana wengi huamini kwamba picha za angani hazipigiki Nairobi mpaka upate gari la kukufikisha Magadi. Kwa galaksi na nebula, yale mawingu ya gesi na vumbi angani, wana haki. Kwa Mwezi na sayari wamekosea kabisa. Mwezi ni mwamba unaomulikwa na Jua lile lile linalochoma Tom Mboya Street saa saba mchana, na taa za jiji haziwezi kushindana nalo. Kinachoharibu picha hapa ni mtikisiko wa stendi na joto la paa, na vyote viwili vina dawa ya bure au karibu ya bure.

Namba za kusoma kwenye bomba

Darubini ninayoizungumzia ni ile ndogo ya lenzi ambayo ubavuni imeandikwa D=70 na F=700. D ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. F ni umbali ambao lenzi hiyo hukusanyia mwanga, yaani urefu wa fokasi. Kama yako ni ya kioo cha kuakisi badala ya lenzi, 76 kwa 700 au 114 kwa 900, mengi ya hapa yanakufaa pia.

Namba hizo mbili ndizo za kutazama dukani, si ile "mara 525" iliyochapishwa kwa wino mwekundu kwenye boksi. Ukuzaji hupatikana kwa kugawanya urefu wa fokasi kwa namba iliyo kwenye lenzi ya jicho, ile ndogo unayochungulia: 700 kwa 20 ni mara 35, 700 kwa 10 ni mara 70. Ile 525 wameipata kwa lenzi ya jicho ya milimita 4, ambayo ni mara 175, kisha wakaizidisha kwa Barlow, lenzi ya kuongeza ukuzaji, ya mara 3. Hesabu ni sahihi, ila utakachoona ni ukungu mkubwa unaochezacheza. Kikomo cha maana ni mara mbili ya upana wa lenzi, kwa hiyo milimita 70 isivuke mara 140. Kwa picha za simu, lenzi za milimita 20 (au 25) na 10 zitafanya karibu kazi yote. Ya milimita 4 na Barlow ya plastiki zirudishe kwenye boksi.

Hakikisha shina la lenzi ya jicho lina upana wa milimita 31.7, kipimo kinachoitwa inchi moja na robo. Ziko darubini za bei ya chini kabisa zenye shina la milimita 24.5, na hizo ni vigumu kupata lenzi nyingine ya kuzifaa au adapta ya kamera.

Kiwiko, ile sehemu iliyopinda unayochomeka lenzi ya jicho, mara nyingi ni cha nyuzi 45 chenye prizimu ya kunyoosha picha ili miti isionekane kichwa chini. Kwa ndege na swala ni kizuri. Kwa Mshtarii (Jupita) kina kasoro mbili: ukingo wa prizimu huchora mstari wa mwanga unaokata kitu chochote chenye mng'aro, na kwa kuwa sayari hapa kwetu hupita juu sana, itabidi upige magoti ndipo uchungulie. Kiwiko cha nyuzi 90 chenye kioo ndicho kifaa cha kwanza ninachoshauri ununue, kabla ya lenzi nyingine yoyote.

Stendi

Kama kuna mahali watengenezaji wa darubini za bei nafuu wamebana matumizi, ni hapa. Bomba na lenzi huwa nzuri kuliko bei yake; miguu ni mabati membamba yanayotikisika ukipiga chafya. Kwa mara 70, mtikisiko wa unywele mmoja huonekana kama tetemeko.

Usirefushe miguu hata kidogo. Kaa kwenye kiti kifupi au ndoo iliyofunikwa. Pale katikati panapowekwa trei, ning'iniza chupa ya maji ya lita 5, ambayo ni kilo 5 kamili, iwe karibu kugusa sakafu lakini isibembee. Chini ya kila mguu weka kipande cha ndara kuukuu: mpira ule hunyonya mtikisiko wa sakafu. Kaza kila skrubu ya miguu kwa bisibisi, kwa sababu zikitoka kiwandani huwa zimeshikizwa tu.

Mahali pa kusimamisha pia pana maana. Katikati ya zege la paa hutetemeka kila mtu anapopanda ngazi, na pampu ya kupandisha maji kwenye tangi ikiwaka, picha zote za dakika hizo ni za kutupa. Simama pale ambapo chini ya zege pana ukuta au nguzo ya jengo, kwa kawaida kwenye kona. Zungumza na msimamizi wa ploti kuhusu ufunguo wa paa mapema, na kamba za nguo zitoe njiani ukiwa bado unaona.

Simu nayo ina uzito wake, gramu 200 hivi, na ikifungwa nyuma ya bomba huvuta mkia chini. Usishindane nayo kwa kukaza skrubu ya stendi mpaka ikwame. Funga mfuko mdogo wa mchanga wa uzito huo huo upande wa mbele wa bomba, kisha usogeze mbele au nyuma mpaka bomba litulie lenyewe.

Joto la paa

Zege hunywa jua mchana kutwa na kulitapika usiku. Mabati ya jirani hupoa haraka zaidi, ila saa moja ya kwanza baada ya magharibi hewa iliyo juu yake huchemka kama ile uionayo juu ya lami mchana. Kwenye simu utaona ukingo wa Mwezi unapigapiga mawimbi. Hakuna kifaa cha kuliponya hilo. Unachoweza ni kungoja mpaka saa tatu au nne usiku, kuchagua upande usiopita juu ya mabati na mabomba ya moshi wa jikoni, na kupiga kitu kikiwa juu. Kitu kilicho nyuzi 30 kutoka upeo wa macho unakitazama kupitia hewa mara mbili ya ile ya utosini. Kwa sayari, subiri zivuke nyuzi 45.

Na hapo Nairobi ina bahati ambayo watu wa London wangeilipia. Tuko nyuzi 1.3 tu kusini mwa ikweta na zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na sayari zote hupita juu ya vichwa vyetu au karibu na hapo.

Itoe darubini nje dakika 30 kabla ya kuanza, lenzi ipoe iwe sawa na hewa. Kupiga picha kupitia dirisha, hata likiwa wazi, ni kupoteza usiku: hewa ya ndani yenye joto hutoka kupitia dirisha hilo hilo.

Ikweta na stendi ya mhimili

Darubini za kioo za 114 huuzwa mara nyingi zikiwa na stendi ya mhimili ulioinama, yenye uzito wa kusawazisha na vipimo vya nyuzi. Stendi hiyo imebuniwa kwa watu wa latitudo za 30 hadi 60. Mhimili wake sharti uelekee ncha ya anga, na kwetu ncha hiyo iko kwenye upeo wa macho, nyuzi 1.3 upande wa kusini, nyuma ya majengo. Ukiulaza mhimili kiasi hicho, nyingi hukwama kabla hazijafika, na zinazofika hugongesha kile chuma cha uzito kwenye mguu wa stendi. Nyota ya Kaskazini inayotajwa kwenye kila mwongozo haionekani Nairobi, kwa hiyo usipoteze jioni nzima kuitafuta.

Kwa anayeanza hapa, stendi rahisi ya kwenda juu-chini na kushoto-kulia ni bora kweli kweli, si kwa sababu ya bei tu. Karibu na ikweta, kitu kilichochomoza mashariki hupanda wima kama ndoo ikivutwa kisimani. Unakifuata kwa skrubu moja tu, ile ya juu-chini. Picha yenyewe pia haizunguki ndani ya fremu ukilenga mashariki au magharibi. Mzunguko huo hukusumbua ukilenga kaskazini au kusini. Anayetumia stendi hiyo hiyo Ulaya hana raha hiyo. Mahali pabaya ni utosini, ambapo bomba hugonga miguu. Basi piga kitu chako saa mbili kabla hakijafika juu kabisa, kikiwa kama nyuzi 60 upande wa mashariki.

Kuifunga simu

Adapta ya plastiki ya kubana simu inauzwa na inafaa, mradi iwe na skrubu za kusogeza pande zote mbili. Ya kujitengenezea ni kava ngumu ya simu yako, iliyotobolewa mbele ya kamera na kugundishwa gundi ya epoksi kwenye kipande cha bomba la PVC au kifuniko cha plastiki kinachoingia kwa kubana kwenye kichwa cha lenzi ya jicho. Pima kichwa hicho kwa rula kabla hujaenda kununua bomba, maana kila kampuni ina kipimo chake. Pengo likibaki, lijaze kwa tabaka za utepe wa kitambaa.

Simu za sasa zina kamera mbili, tatu, hata nne, na hapa ndipo wengi hukwama. Tumia ile kuu, ya mara 1. Ili kuijua, fungua kamera kisha ziba lenzi moja moja kwa kidole mpaka kioo kiwe cheusi. Ukikuza kwa vidole kupita kiwango fulani simu huruka kimya kimya kwenda kwenye kamera nyingine, na Mwezi hupotea ghafla. Wala darubini haijasogea. Kivuli cheusi chenye umbo la hilali pembeni mwa picha kinasema simu haiko katikati. Kivuli cha duara kuzunguka pande zote kinasema iko mbali au karibu mno. Anza na lenzi ya jicho ya milimita 20 au 25, ambayo tundu lake la kutazamia ni pana na husamehe makosa.

Zima mambo matatu kabla ya kupiga: HDR (simu kuchanganya picha za mwanga tofauti), hali ya usiku, na utulizaji wa video. Simu ikiyatumia, huanza kubuni vitu ambavyo havipo, na utulizaji hasa huivutavuta sayari huku na huko.

Kilengeo cha nukta nyekundu kisawazishe mchana. Lenga mlingoti wa simu au tangi lililo umbali wa zaidi ya kilomita moja, liweke katikati kwa lenzi ya milimita 20, kisha zungusha skrubu za kilengeo mpaka nukta itue hapo hapo. Kwa mara 35 unaona kama nyuzi 1.4 za anga, na kwa mara 70 nusu yake. Kilengeo kilichokosea kwa nyuzi moja kitakuzungusha nusu saa ukitafuta Zohali (Saturn).

Mwezi

Usianze na Mwezi mpevu. Jua huwa linaupiga usoni, vivuli havipo, na picha hutoka kama sahani. Siku nzuri ni ya 5 hadi ya 10 tangu mwandamo, na sehemu ya kulenga ni ule mpaka wa mwanga na giza, ambako vivuli vya milima ni virefu. Siku ya 5 kreta ya Theophilus huwa imekaa vizuri. Siku ya 8 safu ya milima ya Apennine. Siku ya 9 Copernicus, yenye upana wa kilomita 93, na Clavius kubwa upande wa kusini. Lenzi ya milimita 70 inaweza kutenganisha vitu vya sekunde-tao 1.7 (sekunde-tao ni sehemu ya 3,600 ya nyuzi moja), ambavyo kule mwezini ni kama kilomita 3. Kwa simu na hewa ya jiji, ukipata kreta za kilomita 6 umefanya kazi nzuri.

Jambo la kuzingatia unaposoma ramani za Mwezi za wageni: wao huuona umesimama, sisi huuona umelala kama dau. Izungushe ramani, au tumia Stellarium, programu ya ramani ya anga, ukiwa umeweka Nairobi kama mahali pako.

Weka fokasi kwa jicho kwanza, kisha funga simu, kisha rekebisha tena ukitazama kioo cha simu kilichokuzwa. Zungusha kitasa upite pale pazuri, rudi, upite tena, ili ujue pako wapi hasa. Gusa ukingo wa Mwezi kwenye kioo na ushikilie mpaka fokasi na mwanga vifungwe. Halafu shusha mwanga. Simu huona giza kubwa na kudhani inatakiwa kuangaza kila kitu, ndipo Mwezi hutoka mweupe pe usio na kreta hata moja. Ikiwa simu ina hali ya mtaalamu, anza na ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) ya 100 na kasi ya shata 1/200 kwa mara 35, au 1/60 kwa mara 70, ukiwa unapiga Mwezi wa nusu. Kisha shusha au pandisha mpaka sehemu yenye mng'aro zaidi iwe ya kijivu cheupe, si nyeupe tupu.

Usibonyeze kitufe kwa kidole. Weka kipima muda cha sekunde 3, au chomeka spika za masikioni zenye waya: kitufe chake cha sauti hupiga picha kwenye simu nyingi. Piga 30, 50. Hewa hutulia kwa vipindi vifupi, na katika hizo 50 mbili au tatu zitakuwa zimeangukia humo. Mwezi husogea kwa upana wake mzima kila dakika 2, kwa hiyo usishangae ukiukuta ukingoni kila mara unapotazama.

Mshtarii na Zohali: piga video

Picha moja ya sayari kwa simu haitakuridhisha. Siri iko kwenye video. Mshtarii hata ikiwa karibu haifiki sekunde-tao 50, yaani chini ya sehemu ya 36 ya upana wa Mwezi. Tumia lenzi ya milimita 10, kuza kwa simu mara 2, na rekodi video ya fremu 30 au 60 kwa sekunde. Shusha mwanga mpaka ile tufe iliyokuwa taa nyeupe ionyeshe mikanda miwili ya kahawia. Ukifika hapo miezi itakuwa imetoweka. Hilo ni sawa. Rekodi video ya pili yenye mwanga mwingi kwa ajili ya Io, Europa, Ganymede na Callisto, kisha uziunganishe baadaye.

Video ya dakika 3 kwa fremu 30 ina fremu 5,400. Usiende mbali sana zaidi ya hapo kwa Mshtarii, kwa kuwa huzunguka kwa chini ya saa 10 na alama zake huanza kuhama. Zohali inavumilia zaidi. Sayari ikifika ukingoni, irudishe katikati taratibu huku video ikiendelea. Programu itazitupa fremu zilizotikisika.

Nyumbani, kwenye kompyuta ya Windows, kazi ina hatua tatu na programu zote ni za bure. PIPP huifungua video ya simu, huikata, huiweka sayari katikati ya kila fremu na kuihifadhi upya kama SER au AVI. Usiiruke hatua hii, maana AutoStakkert haipendi MP4 za simu. AutoStakkert hupanga fremu kuanzia safi hadi chafu kisha hurundika zile safi juu ya nyingine. Chagua asilimia 25, ambazo hapa ni fremu 1,350. Kelele ya picha hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi hiyo, kama mara 37, ndiyo maana picha itakayotoka ni laini kama maziwa. Usikate tamaa kwamba imefifia. RegiStax ndiyo huinoa, kwa vile vitelezi vya tabaka: sukuma cha kwanza na cha pili kidogo kidogo, na simama kabla ukingo wa sayari haujapata pete nyeupe ya uongo. Wengi hawasimami. Ukiona ukingo mmoja una bluu na wa pili nyekundu, hewa imezitenganisha rangi; RegiStax ina kitufe cha kuzilinganisha. Ukungu wa zambarau unaozunguka pande zote ni jambo jingine, ni tabia ya lenzi za bei nafuu, na kwenye 70 kwa 700 huwa ni mdogo.

Kuhusu Zohali: pete zake zilielekea kwetu kwa ukingo mwezi Machi 2025, zikawa uzi tu, zikakaribia kuwa hivyo tena Novemba 2025, na baada ya hapo zinafunguka polepole mwaka hadi mwaka. Picha za pete pana unazoziona kwenye boksi zitakuja zenyewe miaka inavyosonga.

Ukitaka kupita uwezo wa simu, usikimbilie kamera kubwa ya lenzi za kubadilisha. Kwenye darubini ndogo za kioo kamera hiyo mara nyingi haifikii fokasi, kwa sababu fokasi iko ndani sana ya bomba, na uzito wake huangusha stendi. Kamera kuukuu ya mikutano ya kompyuta, kutoka meza za vifaa vya mtumba, inatosha kuanzia. Fungua lenzi yake ndogo, uitoe, kisha gundisha mbele ya sensa kile kikopo cha plastiki cha filamu ya zamani kilichokatwa kitako. Upana wake huingia kwenye tundu la milimita 31.7 kama kilitengenezewa humo. Sensa hizi ni ndogo kiasi kwamba Mwezi wote hautoshi, kwa hiyo weka sayari katikati kabisa kwa lenzi ya milimita 10 kabla ya kuchomeka kamera. Na ukiwa na laptopu juu ya paa, ipunguze mwanga. Macho yako yatakushukuru, na majirani pia.

Ukitoka nje ya jiji

Hapa darubini iache ipumzike kidogo. Bila injini ya kufuata nyota, anga husogea sekunde-tao 15 kila sekunde, na urefu wa fokasi wa milimita 700 huonyesha mchirizi haraka sana. Kanuni ya kukadiria ni 500 kugawanywa kwa urefu wa fokasi: kwa 700 ni chini ya sekunde moja, kwa lenzi ya kamera ya milimita 50 ni sekunde 10, na kamera ikiwa ya sensa ndogo, sekunde 6. Kamera kuukuu yenye lenzi ya 50, juu ya tripodi, picha 100 za sekunde 5 zilizorundikwa kwa programu ya Siril au DeepSkyStacker, zitakupa zaidi ya darubini hiyo. Ongeza picha 20 lenzi ikiwa imefunikwa, kwa muda na ISO ile ile, ili programu ijue dosari za sensa na kuziondoa.

Barabara ya Magadi ndiyo jibu la karibu. Ukipita Kiserian na kuteremka Kona Baridi, Ngong inabaki nyuma kama pazia na mwanga wa jiji unashuka. Olorgesailie, mwendo wa kilomita 70 hivi kutoka mjini, ina mahali pa kulala karibu na yale mashoka ya mawe. Nendeni kwa kikundi, mwenyeji ajue mliko, na msiweke stendi kandokando ya barabara ya malori ya magadi, ambayo taa zake hufuta kila kitu.

Katikati ya Januari, mnamo saa mbili na nusu usiku, nebula ya Orion huwa imepanda nyuzi 60 mashariki, mahali pale pale nilipopasifu juu. Hii ndiyo moja ninayoweza kukubali uijaribu kwa darubini na simu: lenzi ya jicho ya milimita 25, shata ya nusu sekunde, ISO ya juu, picha 100, rundika. Utapata kile kiini cha kijivu-kijani na zile nyota nne za katikati. Kilimia, kundi ambalo wakulima wa pwani walilisoma kujua msimu wa kulima, iko jirani nayo na inatoka vizuri zaidi kwa lenzi ya 50. Mapema Juni, Omega Centauri, fundo kubwa la nyota, hupita kusini kwenye nyuzi 44, juu kuliko watu wengi wa Ulaya watakavyowahi kuiona.

Jua

Boksi lako huenda lina kichujio kidogo cheusi cha kuskrubu kwenye lenzi ya jicho, kimeandikwa neno la Jua. Kivunje ukitupe. Hukaa pale ambapo joto lote limekusanywa, hupasuka bila onyo, na jicho lililo nyuma yake halirudi. Kichujio salama ni karatasi maalumu ya Jua ya kiwango cha 5 cha kuzuia mwanga, inayofunika lenzi ya mbele yote, iliyofungwa kwa utepe usioweza kupeperushwa na upepo. Kilengeo nacho kifunikwe au kitolewe. Tarehe 2 Agosti 2027 Jua litapatwa, na Kenya tutaona sehemu tu. Karatasi hiyo huadimika miezi ya mwisho kabla ya kupatwa, basi itafute mapema. Darubini isiachwe kamwe mchana bila kifuniko mahali watoto wanapocheza.

Msimu na utunzaji

Januari na Februari ndizo zenye anga safi zaidi. Machi hadi Mei ni masika. Juni hadi Agosti Nairobi hufunikwa na lile blanketi la kijivu usiku kucha, ilhali bondeni kuelekea Magadi mara nyingi kuko wazi. Oktoba hadi Desemba unaiba usiku mmoja mmoja katikati ya vuli, na usiku wa baada ya mvua, vumbi likiwa limeoshwa, huwa mzuri ajabu.

Usiku wa baridi, hasa Limuru na Ngong, lenzi ya mbele hushika umande. Kunja karatasi nene nyeusi au kipande cha mkeka wa povu iwe bomba la kama sentimita 11 mbele ya lenzi. Umande ukishashika usipanguse. Ingiza bomba ndani lielekee chini, likauke lenyewe. Vumbi la barabara lipulize kwa pampu ya mpira ya mkononi, si kwa mdomo, na shati lako liache mbali kabisa. Msimu wa mvua weka bomba kwenye boksi lenye vifuko viwili vitatu vya silika vilivyotoka kwenye viatu, ukivianika juani kila mwezi. Kuvu ikiingia kati ya vile vioo viwili vya lenzi ya mbele, fundi wa kuvitenganisha na kuvirudisha sawasawa ni ghali kuliko darubini nyingine.